Kupishana

Mwenda pole hajikwai. Nami nilikwenda pole,
asubuhi ya Novemba, ukungu umeulalia mji wa Torino,
mkobani vitunguu vinne na gazeti,
nikajikwaa.

Si kwa jiwe. Mawe ya mtaa wetu nayajua:
lile lililochomoza mbele ya duka la kofia
nimelikwepa miaka thelathini na miwili.
Nilijikwaa kwa skuta ya umeme
iliyolala ubavu katikati ya njia
kama mlevi aliyechoka kutafuta kwao,
taa yake ya kijani ingali inapepesa,
inapepesa,
kuniarifu kwamba iko tayari.

Vitunguu vilibingirika hadi kwenye reli za tramu.
Kimoja sikukiona tena.

Tangu hapo natembea kwa masikio.
Chini ya matao ya Via Po
(eti mfalme fulani hakupenda kulowa,
nasi tukarithi ukavu wake)
husikia kwanza mlio mwembamba,
mbu aliyemeza waya,
kisha upepo begani,
kisha manukato ya mtu,
kisha mgongo wake.
Nyuso sizioni. Mji huu sasa una migongo tu.
Nataka kusema "nipishe," lakini
neno hilo lina silabi tatu
na yeye keshafika mtoni.

Ornella wa ghorofa ya pili amekata shauri:
hutoka na mwavuli, kuwe mvua kuwe jua,
ameushika mlalo kama kizuizi cha forodha.
"Atakayepita atalipa."
Jana wakaja wasichana wawili wa shule, ubao mmoja,
wakainamisha vichwa, wakapita chini ya mwavuli
wakicheka. Ornella naye akacheka,
kisha akakasirika siku nzima
kwa sababu alicheka.

Mimi niliandikia manispaa.
Walinijibu kwa adabu, karatasi nzuri,
kwamba mwendo umewekewa mpaka.
Sikuuliza habari za mwendo.
Niliuliza habari za nyonga yangu.

Basi usiku mmoja nyonga ilininyima usingizi,
nikafungua dirisha. Saa tisa.
Gari dogo jeupe, na kijana mwenye glavu
akiziinua moja moja, taratibu,
namna ya kumkalisha mgonjwa kitandani.
"Wewe! Ndiye unayezitupa?"
"Mimi ndiye ninayeziokota, mama."
Jina lake Dorinel. Kiitaliano chake kilikuwa na baridi.
Nikamwambia aziweke kule, ukutani mwa kanisa.
Akanionyesha simu: ndiyo inayoamuru,
yeye ni mikono tu.
"Na kwako unarudi na ipi kati ya hizi?"
Akatazama viatu vyake.
"Gari la kampuni. Hizi za kulipia.
Mie naenda kwa miguu, mpaka ng'ambo ya daraja."

Sikuwa na la kumjibu. Nikamtupia chungwa.
Akalidaka gizani kwa glavu moja.

Asubuhi skuta tano zilikuwa zimeegemea ukuta,
usukani umekunjwa ndani,
na njia wazi: upana wa mwanamke na mkoba wake.
Nikapita katikati. Nikarudi, nikapita tena,
bila haja yoyote.

Kufika adhuhuri, moja ilikuwa chini.

Nilisimama juu yake muda mrefu.
Naweza kuizunguka, nimezoea kuzunguka.
Naweza kuipiga teke, Ornella angefurahi.
Nikaweka mkoba chini, nikainama,
nyonga ikanitukana,
nikaishika mabega, nikaiinua.
Ni nzito. Ikikupita huwezi kujua ilivyo nzito.

Nayo, ikidhani naiba,
ikapiga yowe,
yowe la kitoto, la kupasua matao,
na watu wote wa Via Po,
waliokuwa wakienda na waliokuwa wakiteleza,
wakasimama, wakageuka,
na mimi, nimekumbatia chuma kinacholia,
nikaona, kwa mara ya kwanza mwaka huu,
nyuso.